Duara la Farao Halina Mwamba: Nimeupima Mchezo wa Book of Dead

Juzi nilipanda bajaji Mwanjelwa kwenda Uyole. Mvua ilikuwa ile ya Mbeya isiyojua kukata, na malori ya Tunduma yamepangana barabarani mpaka hakuna pa kupenya. Dereva, kijana aliyenipa shikamoo yangu vizuri wakati napanda, aliitumia foleni ile kutoa simu. Akabonyeza, akabonyeza tena. Nikasikia muziki ninaoujua, wa mchezo wa kamari wa mtandaoni.

"Book of Dead hiyo," nikamwambia.

Akacheka kwa aibu kidogo. "Kumbe na wewe unacheza, mwalimu?"

"Naipima."

"Basi niambie. Imekula tangu asubuhi. Hapa si inakaribia kutema?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu malori yalianza kusogea. Jibu refu ndilo hili.

Nijieleze kidogo kwa wageni wa blogu hii. Siku hizi nafundisha takwimu, lakini ada yangu ya chuo niliipata kwa kutengeneza madubwi, zile mashine za kamari za sarafu. Nilizunguka kwenye baa na vilabu kuanzia Mbalizi mpaka Tukuyu na begi la bisibisi, nikitoa sarafu za mia mbili zilizokwama na kubadilisha vitufe vilivyochoka kupigwa ngumi na watu wenye hasira. Tumbo la mashine nililiona kabla sijaiona hesabu yake. Ndiyo maana mchezo wa mtandaoni ukiniletea nguzo za dhahabu na macho ya Farao, mimi nautafuta kwanza ukurasa wa kanuni.

Ila picha tuzimalize mapema, maana ndizo zinazovuta watu. Mchezo huu ulitolewa na kampuni ya Play'n GO ya Sweden mwaka 2016. Uko kwenye mtindo uliokuwa umeshapata umaarufu kupitia Book of Ra ya Novomatic, kampuni ya Austria, tangu 2005: mtafuta hazina, kaburi la Misri na kitabu cha ajabu. Kuna rili 5, yaani safu wima zinazozunguka, kila moja inaonyesha alama 3, na laini za malipo, ile mistari ambayo alama zikifanana juu yake unalipwa, ni 10. Alama kubwa ni mtafuta hazina mwenyewe, Rich Wilde, akifuatiwa na Farao, halafu Anubis mwenye kichwa cha bweha na Horus mwenye kichwa cha ndege mbuai. Zilizobaki ni za karata: A, K, Q, J na 10. Michoro ni mizuri, na hata kwenye simu ya bei nafuu haikwamikwami.

Umisri wenyewe ndio umenisumbua. Kitabu kinachoonekana pale kina jalada na kurasa, wakati Kitabu cha Wafu cha kweli kilikuwa mkusanyiko wa maandiko yaliyoandikwa kwenye misokoto ya mafunjo, na nakala ya huyu haikufanana na ya yule. Nakala ya mwandishi aliyeitwa Ani iko London, kwenye British Museum. Humo kuna ile picha ya moyo wa marehemu kuwekwa upande mmoja wa mizani, na unyoya wa Maat, mungu wa kike wa kweli na haki, upande wa pili. Anubis anasimamia mizani, Thoth anaandika matokeo, na pembeni mnyama mwenye kichwa cha mamba anasubiri kuumeza moyo uliozidi uzito. Madereva wanaopita mizani ya malori ya Mpemba wangemwelewa Anubis mara moja. Kwenye mchezo yeye hapimi chochote. Akijipanga mara 5 kwenye laini moja, analipa mara 75 ya dau lote.

Na huyo Thoth, mungu wa hesabu na maandishi, kwenye alama za malipo hayumo kabisa. Ajabu, kwa sababu kuna kisa cha Misri ambamo yeye ndiye mcheza kamari. Plutarch, Mgiriki wa zamani, anasimulia kwamba mungu wa kike Nut alikuwa amelaaniwa asizae siku yoyote ya mwaka. Thoth, ambaye Plutarch anamwita kwa jina la Kigiriki la Hermes, akaenda kucheza na Mwezi mchezo wa kete ubaoni. Akamshinda, akamchukulia sehemu moja ya sabini ya mwanga wake, na kutokana nayo akaunda siku 5 nje ya zile 360 za mwaka. Nut akazaa humo. Wazee wetu wa bao wanaweza kukubali kwamba hiyo ni safari nzuri kwa mtu aliyekaa tu ubaoni.

Sehemu moja ya sabini ni kama asilimia 1.43. Ikumbuke hiyo namba.

Sasa ukurasa wa kanuni. Bonyeza alama ya kuuliza au vile vistari vitatu, ushuke mpaka uone herufi RTP. Hiyo ni asilimia ya marejesho: katika kila fedha inayowekwa dau, kiasi gani kinarudi kwa wachezaji kwa muda mrefu. Toleo la Book of Dead linalotajwa na kila mwandishi ni la 96.21. Maana yake mwenye mchezo anabaki na asilimia 3.79. Thoth alimwonea huruma Mwezi.

Lakini nilichokuja kusema hasa ni kwamba Book of Dead si moja. Mtengenezaji huutoa mchezo huu katika viwango tofauti, na mwenye tovuti ndiye anayechagua. Kuna wa 96.21, wa 94.25, wa 91.25, wa 87.25 na wa 84.18. Picha ni zilezile, muziki ni uleule, Farao ni yuleyule. Nimezifungua tovuti mbili jioni moja, simu mbili mezani, nikakuta namba mbili tofauti. Mchezaji wa kawaida hawezi kuhisi tofauti hiyo kwa vidole hata akicheza mwezi mzima. Ataisoma kwenye kanuni au hataijua.

Tuipigie hesabu kwa shilingi. Chukua dau la shilingi 200, yaani 20 kwa kila laini. Mtu asiye na haraka huzungusha mara moja kila sekunde 6, ambayo ni mara 600 kwa saa. Dau alizoweka kwa saa hiyo ni shilingi 120,000, hata kama alianza na 10,000 tu mfukoni, kwa sababu pesa ileile inazunguka, inarudi kidogo, inazungushwa tena. Asilimia inakatwa kwenye hiyo 120,000. Watu wengi wanadhani inakatwa kwenye ile 10,000 waliyoweka, na hapo ndipo wanapopotea. Kwa toleo la 96.21, gharama ya saa hiyo kwa wastani ni shilingi 4,548. Kwa 91.25 ni 10,500. Kwa 84.18 ni 18,984, karibu mara mbili ya ulichokuja nacho, kwa hiyo kwa kawaida hufiki hata mwisho wa saa. Na bado sijagusa kodi ya ushindi.

Nimesema sekunde 6. Vijana wanaobonyeza mfululizo huenda mbio kuliko hapo. Uingereza iliona tatizo hilo, na tangu Oktoba 2021 mzunguko mmoja wa michezo hii ya mtandaoni hauruhusiwi kuwa chini ya sekunde 2.5, na kitufe cha kujizungusha chenyewe kimepigwa marufuku. Hata kwa mwendo huo wa sekunde 2.5, dau za shilingi 200 zinafika 288,000 kwa saa.

Kuna ujanja mwingine mdogo unaoukuta karibu kila mahali. Q tatu kwenye laini moja hulipa mara 5 ya dau la laini. Umeweka 20 kwa laini, kwa hiyo unalipwa 100. Taa zinawaka, kinanda kinapigwa, namba inapanda. Umeweka 200 na umerudishiwa 100. Kwenye baa zamani sarafu zikishuka kwenye sinia la chuma kila mtu aligeuka kutazama, na nadhani watengenezaji wa leo wanaiga kelele ile ile kwa sababu iliyo wazi.

Utamu wa mchezo huu uko kwenye kitabu. Kitabu kinashika nafasi ya alama yoyote, na vikitua 3 popote unapewa mizunguko 10 ya bure. Kabla ya kuanza, kurasa zinafunguka zenyewe na kuchagua alama moja. Alama hiyo ikitua za kutosha, inatanuka na kujaza rili nzima, na inalipa hata kama rili zilizojaa hazikugusana. Akichaguliwa Rich Wilde na akajaza rili zote 5, unalipwa mara 5,000 ya dau lote: kwa shilingi 200 ni milioni moja. Ikichaguliwa 10 au J, mara nyingi utatoka na hela ya vocha. Nilipoupima kwa pesa za mazoezi, mara ya kwanza vitabu vilikuja kabla chai yangu haijapoa. Mara ya pili nilikunywa chai, nikala chapati mbili, nikamaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi, na bado.

Tabia hiyo ya kukaa kimya muda mrefu halafu kulipa kwa kishindo wataalamu huiita volatiliti, na mchezo huu unayo kwa wingi. Mtu wa kusini haina haja ya kumchorea grafu. Mwenye shamba la ndizi Rungwe anavuna kidogo kidogo mwaka mzima. Mchimbaji wa Chunya anaweza kula madeni miezi minane halafu siku moja akanunua gari. Baba yangu mdogo alichimba Makongolosi, na dhahabu ya Lupa watu wameichimba tangu miaka ya 1920, miaka ileile Howard Carter alipolifungua kaburi la Tutankhamun kule Misri, mwaka 1922. Kwa hiyo mchezo wenye dhahabu, shimo na subira unaingia Mbeya kama mtu wa nyumbani.

Na hapo ndipo mfano wa mgodi unapotudanganya. Baba mdogo alikuwa akisema, duara, yaani shimo la mgodi, ukilichimba mita 30 na jirani yako amekuta mwamba wenye dhahabu mita 35, usiondoke. Alikuwa na sababu. Mwamba upo ardhini, haujasogea, na kila ndoo ya kifusi inayotoka inapunguza umbali. Jasho la jana limebaki shimoni kama kina.

Mchezo wa mtandaoni hauna kina. Unapobonyeza, programu iliyo kwenye seva inachukua namba za nasibu, namba hizo zinaamua rili zisimame wapi, na kazi imekwisha hata kabla rili hazijaanza kuzunguka machoni pako. Mzunguko unaofuata unaanza sifuri. Programu haina daftari la kwamba umeliwa tangu asubuhi. Kama uwezekano wa vitabu 3 ulikuwa mdogo saa mbili asubuhi, saa kumi jioni ni uleule, haukuongezeka hata chembe kwa sababu ya elfu thelathini ulizopoteza katikati. Kwa lugha ya baba mdogo, kila ukibonyeza wanakuhamishia kwenye eneo jipya, na duara la zamani wanalifukia.

"Imekula, itatema" niliisikia kwenye kila baa niliyotengeneza mashine, tena kutoka kwa watu wenye akili. Wengine walinipa soda niwaambie ipi imejaa. Soda nilikunywa.

Mambo machache ya kiufundi. Umeme ukikatika au mtandao ukipotea rili zikiwa zinazunguka, usipige simu kwa hasira. Matokeo yameshaandikwa kwenye seva, ukirudi utayakuta. Kile kitufe cha kubahatisha baada ya kushinda, cha kutaja rangi ya karata ili upate mara mbili au aina yake ili upate mara nne, kwa hesabu kiko sawa kwa sawa, nusu kwa nusu na robo kwa mara nne. Ni kona pekee ya kaburi hili ambayo mwenye nyumba hakati kitu. Kinachofanya ni kuongeza volatiliti juu ya volatiliti, na mimi nakiacha. Tovuti yenyewe iwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi, sheria ndivyo inavyosema.

Kwa hiyo kama mchezo, nampongeza aliyeuchora na aliyeupigia hesabu. Mizunguko ya bure imebuniwa vizuri kuliko michezo mingi ya Mafarao iliyoiga baada yake. Kama historia ya Misri, hapana. Kama mahali pa kupeleka hela ya marejesho ya bajaji, namba nimeshaziweka hapo juu.

Yule kijana nilimwachia namba yangu, nikamtajia ile 96.21 na kumwambia akifika nyumbani aufungue ukurasa wa kanuni anipigie picha. Saa nne usiku picha ikaingia WhatsApp. Amezungushia duara jekundu: 91.25.

"Shikamoo mwalimu. Mbona wewe ulisema 96?"

Nikamweleza tena habari ya matoleo, taratibu, na ile hesabu ya 10,500 kwa saa. Akasoma. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika.

"Nimekuelewa sana. Sasa hiyo ya 96 iko tovuti gani?"