Programu huria ya bakapu: maana yake na namna ya kuichagua

Programu huria ya bakapu ni programu inayotunza nakala za faili zako, na ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi: leseni inamruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza upya. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia neno "bure". Ni kweli nyingi hazilipiwi, lakini kwenye bakapu bei ni jambo dogo. Nakala unayoiweka leo utaihitaji siku usiyoijua, pengine miaka saba ijayo, kwenye kompyuta ambayo bado haijaundwa, na siku hiyo lazima kiwepo kitu cha kuifungua.

Agosti 2017 kampuni ya Code42 ilitangaza kwamba inaifunga CrashPlan for Home, huduma yake ya bakapu kwa watumiaji wa nyumbani, na Oktoba 2018 ikawa imekwisha. Wateja walipewa muda wa kuhama, ila uamuzi haukuwa wao. Linganisha na yaliyoikuta Attic, programu huria ambayo maendeleo yake yalikuwa yamezorota. Mwaka 2015 watu wengine waliuchukua msimbo wake wakaanzisha BorgBackup, na wakaweka hata amri ya kugeuza hazina za Attic, yaani mahali nakala zinapowekwa, ziwe za Borg. Aliyekuwa na nakala zake kule alikuwa na pa kwenda.

Kabla ya kuchagua, tenganisha bakapu na usawazishaji, maana hapa ndipo wengi huteleza. Syncthing na Nextcloud ni programu huria nzuri, na kazi yake ni kuhakikisha folda ya kwenye simu na ya kwenye kompyuta zinafanana. Ukifuta picha huku, inafutika na kule. Faili ikiharibika huku, ubovu unasafiri kwa uaminifu uleule. Syncthing ina mpangilio wa kuhifadhi matoleo ya zamani ya faili, lakini mpaka uuwashe mwenyewe. Bakapu halisi inakurudisha nyuma: Jumanne iliyopita, mwezi uliopita, kabla hujaharibu.

Programu huria za Restic, Borg (ndiyo BorgBackup) na Kopia zinafanya hivyo kwa mtindo unaofanana. Faili hukatwa vipande, kila kipande hupewa alama inayotokana na yaliyomo ndani yake, na kipande ambacho tayari kimo kwenye hazina hakiandikwi tena. Ndiyo maana bakapu ya kwanza inaweza kula saa nyingi na ya kesho yake ikaisha kwa dakika chache. Ukibadili jina la folda yenye gigabaiti 40 za video, hazina haivimbi kwa gigabaiti 40 nyingine; vipande ni vilevile, kilichobadilika ni orodha. Kwa kawaida vipande hivyo husimbwa kwa siri kabla havijatoka kwenye kompyuta yako, kwa hiyo mwenye seva unayohifadhia anaona rundo la faili zisizosomeka.

Tuichungulie Restic, maana amri zake ni chache. Umechomeka diski ya nje, unaandika kwenye dirisha la amri:

restic -r /media/diski/hazina init

Inakuomba nenosiri mara mbili, kisha inakuonya waziwazi kwamba ukilipoteza, data yako imekwenda moja kwa moja. Hakuna kiungo cha "nimesahau nenosiri", wala hakuna ofisi ya kupigia simu. Baada ya hapo, `restic -r /media/diski/hazina backup ~/Hati` inachukua nakala, `snapshots` badala ya `backup` inakuonyesha orodha ya nakala zote na tarehe zake, na hii ndiyo amri ambayo watu hawaijaribu mpaka siku ya msiba:

restic -r /media/diski/hazina restore latest --target /tmp/jaribio

Mimi ningeanzia hapo. Programu yoyote unayoifikiria, ipe folda moja ndogo, chukua nakala, kisha irejeshe kwenye kompyuta nyingine kabisa, ambayo haijawahi kuwa na programu hiyo. Fungua picha tatu na hati mbili uone kama zinafunguka. Ikikushinda siku ambayo huna haraka wala hofu, haitakufaa siku diski imekufa.

Waulize GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu mtandaoni. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta kwa bahati mbaya data ya seva kuu ya hifadhidata. Walipoziendea bakapu za kila siku, hawakukuta kitu: toleo la programu iliyotumika kuchukua nakala halikulingana na la hifadhidata, kazi ilikuwa ikishindwa kila mara, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono takriban saa sita kabla, kwa shughuli nyingine. Hao ni watu ambao kompyuta ndiyo kazi yao.

Sasa uchaguzi. Kwa Windows, Borg haina toleo rasmi linaloendesha moja kwa moja, hivyo iache. Kopia ina dirisha la kubofya na inaendesha kwenye Windows, macOS na Linux. Kwa asiyependa kuandika amri ningemwelekeza huko kwanza. Duplicati nayo inaendeshwa kupitia kivinjari na ni rahisi kuianza, ila huweka hifadhidata yake kwenye kompyuta unayoilinda. Kompyuta ikipotea, hifadhidata hiyo lazima ijengwe upya kutokana na nakala, na hazina ikiwa kubwa unaweza kusubiri sana. Kwa Linux, Pika Backup inaiendesha Borg kwa ndani, na Déjà Dup ni nyepesi kiasi kwamba mtu hana kisingizio. Usidanganywe na Timeshift: inarejesha mfumo, lakini ukiiacha ilivyo haigusi hati zako binafsi.

Ukitaka kuipima programu usiyoijua, pita kwenye ukurasa wa msimbo wake. Toleo la mwisho limetoka lini? Wanaoiandika ni wangapi, au ni mmoja aliyechoka? Muundo wa hazina umeelezwa kwa maandishi? Hilo la mwisho lina uzito kuliko wingi wa vitufe, kwa sababu muundo ulioelezwa unaweza kuandikiwa programu mpya ya kuusoma hata waandishi wa kwanza wakitawanyika.

Simu ni kesi nyingine, na hapa programu huria zina mipaka. Android huifungia kila programu kwenye chumba chake. Programu ya bakapu uliyoipakua haiwezi kuchungulia data ya programu nyingine. Neo Backup inaweza, lakini inahitaji ruti, yaani mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu, na kuruti simu kwa ajili ya bakapu tu ni kujitafutia matatizo. Seedvault inaweza bila ruti kwa sababu imejengwa ndani ya mfumo wenyewe, kama kwenye GrapheneOS, CalyxOS na LineageOS, ambayo ni matoleo mbadala ya Android, na nakala zake hufunguliwa kwa maneno 12 unayopewa mwanzoni. Kwenye simu ya kawaida huwezi kuiongeza tu. Kwa iPhone, zana za libimobiledevice zinaweza kuchukua bakapu nzima kwenda kwenye kompyuta ya Linux kwa waya.

Kwa hiyo wengi wetu tunaishia na njia ya mzunguko: picha, video na hati za simu zinasawazishwa kwenda kwenye kompyuta, kisha kompyuta inachukuliwa bakapu ya kweli. Yanayobaki hushughulikiwa moja moja. Kinachosahauliwa zaidi ni misimbo ya uthibitisho wa hatua mbili, zile tarakimu unazoombwa baada ya nenosiri: simu ikipotea nayo, unajifungia nje ya akaunti zako zote kwa mpigo. Aegis, ambayo ni huria na ya Android, inakuruhusu kuitoa misimbo hiyo kama faili iliyosimbwa. Itoe, iingize kwenye folda inayochukuliwa nakala.

Kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpigapicha Peter Krogh, bado inafaa: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Nenosiri la hazina lisiwe ndani ya kompyuta ile ile peke yake; liandike kwenye karatasi na uliweke kwa mtu unayemwamini. Na kwa kuwa Restic ni faili moja tu isiyohitaji kusakinishwa, pakua toleo lake la Windows na la Linux, uyaweke kwenye diski hiyo hiyo ya bakapu, nje ya hazina, pamoja na faili fupi ya maandishi yenye ile amri ya kurejesha.