Karani wa Kaunti Huandikisha Hati, Hathibitishi Mwenye Mali

Kazi yangu hapa Texas ni kuchunguza kumbukumbu za umiliki kabla ya nyumba kuuzwa, na jambo ninalowaeleza mara nyingi ndugu zetu waliohamia huku kutoka Afrika Mashariki ni kwamba karani wa kaunti hafanyi kazi ya msajili wa hati tuliyemzoea. Tanzania na Kenya, ardhi ikishasajiliwa, jina lililomo katika rejista ndilo ushahidi mkuu wa mwenye mali, naye hupewa hatimiliki. Texas haitoi kitu cha namna hiyo. Karani hupokea hati ya uhamisho iliyotiwa saini, huigonga tarehe, saa na namba, huhifadhi nakala na kukurudishia ya kwako. Haulizi kama aliyeuza alikuwa na cha kuuza. Umiliki wenyewe hutokana na mfululizo wa hati, kila moja ikishikana na iliyotangulia, na kuukagua mfululizo huo ni jukumu la mnunuzi na kampuni ya bima ya umiliki, yaani bima dhidi ya kasoro zilizojificha katika umiliki huo.

Faida ya kuandikisha imo katika kifungu cha 13.001 cha Sheria ya Mali ya Texas. Kati ya muuzaji na mnunuzi, hati ina nguvu tangu iliposainiwa na kukabidhiwa, hata isipoandikishwa. Lakini dhidi ya mnunuzi wa baadaye aliyelipa bila kujua, na dhidi ya wadai wa muuzaji, hati isiyoandikishwa ni batili. Tuseme mtu amenunua kiwanja kitupu kwa jamaa anayemwamini, wakasaini mbele ya notari, kisha hati ikafungiwa kabatini. Baadaye muuzaji anashindwa kesi ya deni, na mdai asiyejua habari za mauzo anaandikisha hukumu yake katika kaunti hiyohiyo. Kiwanja kinanaswa na deni lisilo la mnunuzi, kwa kuwa kumbukumbu za umma bado zinamtaja muuzaji kuwa ndiye mwenyewe. Kama mnunuzi angekuwa anaishi pale waziwazi angekuwa na hoja, maana sheria humtarajia mtu amwulize anayekaa mahali hapo. Katika kiwanja kitupu hakuna wa kuulizwa.

Ukifika dirishani, kinachotazamwa ni umbo la hati. Saini ya anayehamisha iwe ya mkono wake, jina lake lichapwe chini yake, na cheti cha notari kitaje kaunti, tarehe na jina la mtu aliyejitokeza. Notari wa Marekani si lazima awe wakili. Anathibitisha utambulisho na saini, basi, na muhuri wake hauiponyi hati iliyoandikwa vibaya. Anwani ya posta ya kila anayepokea mali iwemo, la sivyo utatozwa adhabu ya dola 25 au mara mbili ya ada, ile iliyo kubwa zaidi. Juu ya ukurasa wa kwanza huwekwa tangazo kwamba mtu anaweza kufuta namba yake ya Hifadhi ya Jamii au ya leseni ya udereva kabla ya kuandikisha, na tangazo hilo lisipuuzwe, kwa sababu kumbukumbu hizi ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Mali nayo isitambulishwe kwa anwani ya mtaa peke yake. Mjini hutajwa namba ya kiwanja, namba ya bloku, jina la eneo lililopimwa na mahali ramani yake ilipoandikishwa. Mashambani mipaka huelezwa kwa pembe na umbali, na katika hati za zamani umbali huo huhesabiwa kwa vara, kipimo kilichobaki tangu enzi za Hispania na Mexico, ambacho Texas ni inchi 33 na theluthi moja, yaani karibu sentimita 85. Nakili maelezo hayo neno kwa neno kutoka hati iliyotangulia.

Majina ndiyo yanayotutesa zaidi sisi. Kumbukumbu hutafutwa kwa fahirisi ya wahamishaji na wapokeaji, iliyopangwa kwa jina la mwisho. Asha Juma Mohamed aliyenunua nyumba akiitwa Asha Juma, kisha akaiuza kwa jina la Asha Mohamed lililo katika pasipoti yake mpya, mbele ya fahirisi ni watu wawili, na anayemtafuta mwenye nyumba hataona ilivyotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Aandike jina lile alilonunulia, kisha aongeze kwamba anajulikana pia kwa hilo la pili. Kosa lililokwisha kuandikishwa hurekebishwa kwa hati ya marekebisho, ambayo sheria iliiwekea utaratibu mwaka 2011.

Tangu tarehe 1 Septemba 2015, Texas pia inaruhusu hati ya uhamisho wakati wa kifo, nami ninaipendekeza sana kwa wazazi wenye nyumba moja na watoto wanaoelewana. Mwenye nyumba humtaja atakayeipokea, lakini maadamu yu hai anabaki na mamlaka yote: anaweza kuiuza nyumba, kuikopea au kuifuta hati yenyewe. Akifariki, nyumba humwendea aliyetajwa bila kupitia mahakama ya mirathi, ingawa rehani iliyopo huenda nayo. Wosia hauwezi kuitangua hati hiyo. Si lazima mpokeaji akabidhiwe wala aarifiwe, lakini ni lazima iandikishwe katika kaunti ilipo nyumba kabla mwenyewe hajafa. Inaniuma kila ninapoona familia imeikuta sandukuni baada ya mazishi, ina saini na muhuri wa notari lakini haina namba ya karani, kwa kuwa haina nguvu yoyote na hakuna wa kuifufua.

Aliye Mombasa au Goma akisainiwa na mwakilishi, hati ya uwakilishi wa kudumu, yaani ile inayompa mwakilishi huyo mamlaka ya kusaini kwa niaba yake, nayo iandikishwe, si zaidi ya siku 30 baada ya hati ya uhamisho kuwasilishwa. Hati yoyote iliyothibitishwa nje ya Marekani kwa lugha nyingine iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyoapiwa.

Ada ya ukurasa wa kwanza kwa kawaida ni dola 25 au 26, na dola 4 kwa kila ukurasa unaofuata. Kodi ya uhamisho hakuna. Wiki chache baadaye huenda ukapata barua yenye sura ya kiserikali ikikutaka ulipie nakala ya hati yako kwa bei ya juu. Nakala iliyothibitishwa na karani mwenyewe ni dola 1 kwa ukurasa na dola 5 za uthibitisho, kwa hiyo usitume hundi kabla ya kupiga simu ofisini kwake.