Je, wajua kwa nini Mungu wa mwanafalsafa Spinoza hasikilizi malalamiko?

Aprili 1929, rabi Herbert Goldstein wa New York alimpelekea Albert Einstein telegramu yenye swali moja: unaamini Mungu? Akamlipia kabisa na jibu la maneno 50. Einstein hakuyamaliza. Alijibu kwamba anaamini Mungu wa Spinoza, anayejidhihirisha katika mpangilio wa vyote vilivyopo, wala si Mungu anayejishughulisha na majaliwa na matendo ya wanadamu.

Tangu hapo watu wanalivutana jibu hilo. Hawa wanasema aliamini, wale wanasema hakuamini. Nadhani wote wanapishana na swali lenyewe, ambalo ni iwapo Mungu huyo ana sikio.

Baruch Spinoza alizaliwa Amsterdam mwaka 1632, katika jamii ya Wayahudi wenye asili ya Ureno. Julai 1656, kabla hajatimiza miaka 24, jamii hiyo ilimtenga kwa laana. Akaishi kwa kusaga lenzi. Kitabu chake kikuu, Ethica, kilitoka 1677 akiwa ameshakufa. Humo Mungu na maumbile ni majina mawili ya kitu kimoja: hakuna mfalme anayeuendesha ulimwengu kutoka nje.

Anatoa mfano wa jiwe lililoanguka kutoka paani likamuua mpita njia. Mmoja anasema Mungu alikusudia. Unamwambia upepo ulivuma, na marehemu alikuwa akipita. Mbona ulivuma saa ileile? Bahari ilianza kuchafuka jana yake. Na yeye mbona alipita hapo? Alialikwa na rafiki. Maswali hayaishi mpaka usalimu amri na kusema ni mapenzi ya Mungu. Huko, anasema Spinoza, ni kukimbilia hifadhi ya ujinga.

"Kwa nini" yetu ina maswali mawili ndani yake. Ukimuuliza mtu kwa nini amekupiga, unataka kujua kilichomsukuma na alichokusudia pia. Jiwe, kwa Spinoza, linajibu la kwanza tu. Upepo una chanzo, hauna nia. Mfiwa anayelia "kwa nini mimi?" anauliza lile la pili, na katika ulimwengu wa Spinoza hakuna wa kumjibu. Ajali haina kinga, basi.

Wanaomwamini Mungu mwenye haki wanaujua upepo vilevile. Wanachokataa ni kwamba habari inaishia hapo. Mungu si Athumani, husema: hapendelei, na aliyedhulumiwa hakusahauliwa. Haki inataka mwenye kuona na kuhukumu, ilhali nguvu ya mvutano haimtofautishi mwizi na mtoto mchanga. Spinoza analijua pengo hilo, na anafundisha kwamba ampendaye Mungu hawezi kutaka apendwe naye. Ni fikra adhimu. Lakini mwambie hivyo mama aliyetoka kuzika.

Upande wa pili nao una deni lake. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliipiga Lisbon, mji mkuu wa Ureno, asubuhi, watu wakiwa makanisani. Makanisa yakawaangukia, moto ukafuata, na bahari ikaingia mjini. Padri Gabriel Malagrida alihubiri kwamba ni adhabu ya dhambi. Dhambi gani ya mtoto wa siku tatu? Mwaka uliofuata mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika kwamba chanzo kitafutwe ardhini, kwenye mapango yenye gesi zinazowaka. Alikosea kuhusu mapango, lakini alikuwa ameuliza "kwa nini" inayoweza kuchunguzwa.

Ajabu ni kwamba mlalamikaji mkubwa kuliko wote, Ayubu wa Biblia, alipewa jibu linalofanana kidogo na la Spinoza. Alidai kesi yake isikilizwe. Sauti ikamjia kutoka katika upepo wa kisulisuli, isimweleze kosa lake wala sababu ya mateso yake. Ikamuuliza habari za misingi ya dunia, za bahari na theluji, za mbuzi wa milimani wanavyozaa. Maumbile matupu, sura baada ya sura. Ayubu akanyamaza, akaridhika. Sababu hakupewa, ila kuna aliyesema naye.