Panki ya Ireland: si nywele, si skinhedi, wala si filimbi

Panki ni utamaduni wa vijana ulioibuka New York na London katikati ya miaka ya 1970: muziki wa gitaa wa kasi, nyimbo za dakika mbili tatu, na imani kwamba huhitaji kibali cha mjuzi, cha kampuni wala cha mzazi ili upande jukwaani. Chukua ulichonacho, fanya mwenyewe. Maana yake ni hiyo tu, wala si ngumu. Kazi iko kwenye mambo mengine ambayo watu wamelibebesha neno hili, hasa wanapoizungumzia Ireland. Nimemsikia mtangazaji wa redio akiwatambulisha The Pogues, bendi ya miaka ya 1980 inayochanganya panki na nyimbo za jadi za Ireland, kuwa ndio waanzilishi wa panki ya Ireland. Nimesoma watu wakiandika "panki" huku wakimaanisha skinhedi, vijana wa kundi lingine walionyoa vichwa. Na huku kwetu, ukimtajia kinyozi panki, anachukua mashine.

Hili la kinyozi lina sababu yake. Afrika Mashariki neno lilifika likiwa limeshikamana na kichwa: picha zilitangulia, muziki ukafuata kwa mbali au haukufika kabisa. Kwa hiyo Tanzania na Kenya kunyoa panki ni kuacha nywele nyingi juu na kupunguza pembeni, na mwanafunzi aliyekwenda shule hivyo alijua atarudishwa nyumbani. Sioni ubaya wowote hapo. Lugha ina haki ya kulichukua neno la mgeni na kulipa kazi nyingine. Ubaya unaanza tunapoirudisha maana yetu Ulaya na kudhani kwamba vijana wa Belfast na Dublin walikuwa kundi la watu wa mtindo fulani wa nywele.

Kwa Kiingereza chenyewe neno hili ni la kale, tena ni la matusi. Enzi za Shakespeare lilimaanisha kahaba. Marekani likaja kuwa jina la kijana mhuni asiye na maana, na gerezani likapata maana chafu zaidi ya hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waandishi wa muziki wa Marekani wakaanza kulitumia kwa kusifia bendi za vijana zilizopiga gitaa kavukavu, bila ufundi mwingi, na mapema 1976 likatoka New York jarida lililoitwa Punk. Kisha likavuka bahari. Sex Pistols, bendi ya panki ya London, walipotukana kwenye televisheni ya huko Desemba 1976, magazeti ya Uingereza yakaligeuza kuwa kitisho cha kuogofya wazazi. Aliyekubali kuitwa panki baada ya hapo alikuwa amelipokea tusi na kulivaa kwa hiari yake. Humo mote hamna habari ya nywele. Ule mtindo wa kunyoa pembeni na kusimamisha shungi katikati, ambao sisi tunauita kiduku, ulienea kwa vijana wa panki mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wimbi la kwanza la Ireland lilikuwa limekwisha pita.

Waangalie The Undertones, bendi ya mji wa Derry, Ireland Kaskazini, kwenye picha zao za 1978. Sweta za kufumwa. Jinzi za kubana zilizoishia juu ya kifundo cha mguu. Makoti ya kawaida ambayo mama yeyote angemnunulia mwanawe kwa ajili ya baridi. Nywele fupi zisizo na mbwembwe. Wakati ule vijana wengi bado walivaa bugaluu na kufuga nywele hadi mabegani, kwa hiyo suruali nyembamba na kichwa kilichopunguzwa nywele kwa mkasi wa nyumbani vilikuwa tayari ni tangazo. Wapo waliojichoma pini za nepi kwenye makoti na kupaka nywele rangi, lakini hao Undertones, bendi iliyoitangaza panki ya Ireland duniani kuliko karibu nyingine zote, walionekana kama watoto waliotumwa dukani.

Sasa nije kwenye lile ambalo hasa lilinifanya niandike. Panki ya Ireland, na kwa namna ya pekee ya Belfast, ilikuwa na sababu ambayo haikuwepo London. Ireland Kaskazini, sehemu ya kisiwa iliyo chini ya Uingereza, ilikuwa vitani na nafsi yake: Wakatoliki, wengi wao wakitaka kuungana na Ireland, dhidi ya Waprotestanti, wengi wao wakitaka kubaki Uingereza. Tarehe 31 Julai 1975 gari la Miami Showband, bendi maarufu ya dansi kutoka Dublin, lilisimamishwa usiku karibu na Newry kwenye kizuizi cha uongo kilichowekwa na wanamgambo wa Kiprotestanti wa UVF, na wanamuziki watatu wakauawa. Tangu hapo bendi za nje zilihofia kwenda. Katikati ya jiji la Belfast palizungushiwa mageti ya chuma, watu wakapekuliwa mifuko kabla ya kuingia madukani, na jioni jiji likabaki tupu, kila mtu akirudi kwenye mtaa wa dini yake.

Oktoba 20, 1977, The Clash, bendi ya panki ya London, walikwenda kupiga katika ukumbi wa Ulster Hall, Belfast. Siku ileile bima ya onyesho ikafutwa na onyesho likavunjika. Vijana waliokuwa wamekusanyika nje, Bedford Street, hawakuondoka. Wakakaa barabarani hadi polisi wakaja kuwatawanya. Ukiwasoma waliokuwepo, wengi wanasema jambo lilelile: kila mmoja alidhani yuko peke yake mtaani kwake, na jioni ile akagundua wako mamia, Wakatoliki kwa Waprotestanti, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ni wa upande gani.

Ni vigumu kueleza uzito wa hilo kwa asiyeijua Ireland Kaskazini. Jina lako lilikusema. Shule yako ilikusema. Hata herufi H ilikuwa mtego, kwa sababu Wakatoliki wengi huitaja jina lake kwa kuanza na sauti ya h yenyewe, na Waprotestanti wengi huiacha. Kijana aliyekamatwa na genge la mtaa wa pili aliweza kulazimishwa kusoma alfabeti ili ajulikane. Katika hali hiyo, kuwa na koti lililoandikwa jina la bendi kwa rangi nyeupe kulikuwa njia ya kujibu swali la "wewe ni nani" kwa jibu la tatu. Kuanzia Aprili 1978 jibu hilo lilipata nyumba: Harp Bar, baa chakavu ya Hill Street yenye wavu wa chuma mlangoni kwa kuogopa mabomu. Vijana wa Falls, mtaa wa Wakatoliki, na wa Shankill, mtaa wa Waprotestanti, walikutana humo kusikiliza bendi za Rudi, The Outcasts na Victim. Bendi ya Ruefrex, walioanzia mitaa ya Waprotestanti, walisimama waziwazi kuunga mkono shule za kusomesha watoto wa dini zote mbili pamoja, miaka ambayo shule ya sekondari ya namna hiyo haikuwepo hata moja. Ya kwanza, Lagan College, ilikuja kufunguliwa 1981.

Terri Hooley, mwenye duka la santuri la Good Vibrations pale Great Victoria Street, aliwasikia Rudi mapema 1978 na akaamua kuwatolea santuri, bila kampuni na bila mtaji wa maana. Ukiishika moja ya santuri zake za mwanzo utaelewa panki kuliko kwa kusoma kamusi: kava lake si la kadibodi, ni karatasi kubwa iliyochapwa upande mmoja, ikakunjwa kwa mkono mara kadhaa hadi ikawa bahasha ya kuitia santuri ndani. Ukiikunjua, unapata bango la ukutani. Waliozikunja walikuwa ni wanamuziki wenyewe na rafiki zao. Wimbo wa The Undertones, "Teenage Kicks", ulitoka kwa njia hiyohiyo Septemba 1978, na mtangazaji wa redio John Peel wa BBC akaupiga mara mbili mfululizo katika kipindi chake.

Wapo wanaodhani panki ya huko ilikuwa nyimbo za kisiasa tu. Hapo napo pana tofauti ya kuheshimu. Stiff Little Fingers wa Belfast, wakisaidiwa mashairi na mwandishi wa habari Gordon Ogilvie, waliimba mabomu, askari na vizuizi, na albamu yao ya Februari 1979 iliingia katika 20 bora za Uingereza. Baadhi ya wenzao waliwalaumu kwamba wanauza msiba wa nyumbani kwa wageni. The Undertones, waliokulia Derry katikati ya msiba uleule, waliimba wasichana, kiangazi, na hata chokoleti ya Mars, wakalaumiwa nao kwamba wanakimbia ukweli. Mimi nawaelewa wote wawili, lakini moyo wangu uko Derry. Kumwambia kijana ana haki ya kuimba mapenzi huku helikopta ya jeshi ikizunguka juu ya paa ni msimamo mzito.

Dublin ilikuwa na hadithi nyingine. Bendi ya The Radiators from Space ilitoa wimbo "Television Screen" Aprili 1977, mapema kuliko wenzao wa Belfast. Juni mwaka huohuo kijana mmoja alichomwa kisu akafa katika tamasha la panki chuoni University College Dublin, na kumbi nyingi zikafunga milango. Vijana wakahamia kwenye vyumba vya chini vya mahoteli, na kwenye Dandelion Market, soko la nguo za mitumba na beji karibu na St Stephen's Green, ambako mwaka 1979 hata asiyeruhusiwa kuingia baa kwa umri aliweza kusikiliza bendi Jumamosi mchana. U2 walipiga hapo. Jina lao walipewa na Steve Averill, aliyekuwa mwimbaji wa Radiators.

Kuhusu skinhedi, niseme kwa ufupi. Hao walianzia London mwishoni mwa miaka ya 1960, watoto wa wafanyakazi wenye buti nzito na vichwa vilivyonyolewa, wakipenda ska na rege ya Jamaika. Walipofufuka mwishoni mwa miaka ya 1970, sehemu yao ilivutwa na chama cha kibaguzi cha National Front, Belfast ikiwemo. Si wote walikuwa wabaguzi, lakini walikuwa kundi lingine, wenye kumbi zao na maadui zao, na mara nyingi adui alikuwa ni huyo panki. Modi, kundi jingine la vijana, nao ni wengine: makoti marefu ya kijeshi, suti nyembamba, pikipiki za Vespa. Bendi ya The Blades wa Ringsend, Dublin, walikuwa upande huo.

Wabaki The Pogues. Bendi hiyo ilianzishwa London mwaka 1982 na watoto wa wahamiaji wa Ireland na rafiki zao Waingereza, ikachanganya kasi ya panki na filimbi, banjo na kodiani za nyimbo za jadi. Ni bendi kubwa na naipenda. Lakini bendi za 1977 na 1978 hazikuwa na filimbi; zilisikika kama Ramones, bendi ya panki ya New York, wenye lafudhi ya Derry. Waliofuata nyayo za Pogues, wengi wao Marekani, ndio wamefanya watu waamini kwamba panki ya Ireland lazima iwe na wimbo wa baa ndani yake. Uhusiano wa kweli upo, na una jina: Philip Chevron, mpiga gitaa wa Radiators from Space, ndiye aliyejiunga na Pogues katikati ya miaka ya 1980. Kwa hiyo mtangazaji wetu akipenda kuwataja pamoja, ana haki. Aanze tu na Radiators, kwa sababu ndio waliotangulia.