Hatari ya utawala kampuni inapovuka mpaka

Hatari ya utawala ni ile hasara inayoipata kampuni si kwa sababu bidhaa haikuuzika, bali kwa sababu aliyeamua hakuwa na mamlaka, au mwenye mamlaka hakujua kilichoamuliwa. Nyumbani pengo hilo hujizibia lenyewe: mwenye mali hupita jioni, akamuuliza karani, akafungua daftari. Ng'ambo hakuna wa kupita jioni.

Tuchukue mfano wa kubuni: hoteli ya Malindi, Kenya, inafungua tawi Unguja, Zanzibar. Wakurugenzi hawaoni ugeni wowote. Kiswahili ni kilekile, kaskazi ni ileile. Hapo ndipo wanapoteleza. Kampuni ya Zanzibar husajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa huko, si BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara. Kodi ya mapato ni ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, lakini kodi ya ongezeko la thamani (VAT) na tozo ya hoteli ni za ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar. Bodi iliyozoea KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, peke yake haiulizi habari za mlango wa pili, na meneja wa tawi akiletewa barua ya madai ya kodi huijibu kimyakimya asije akaonekana ameshindwa. Malindi wanapata habari riba imeshapanda.

Meneja huyo mara nyingi hupewa akaunti ya benki yenye sahihi moja, "kazi isikwame". Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeagiza, anayelipa na anayeandika ripoti ya alichokilipa. Hata akiwa mwaminifu, hakuna wa kumwonyesha kosa lake. Dawa yake ni karatasi tatu. Azimio la bodi linalopelekwa benki, kwamba malipo yanayozidi kiwango fulani yana sahihi mbili, moja ya makao makuu. Maagizo kwamba taarifa ya benki itumwe Malindi moja kwa moja, isipitie mkononi mwa meneja. Na barua ya ajira inayosema mhasibu wa tawi anawajibika kwa mkuu wa fedha. Kuna ujanja mmoja wa kuuangalia: kiwango kikiwa nusu milioni, ankara ya 900,000 itakuja ikiwa imekatwa vipande vitatu vya laki tatu. Kwa hiyo malipo yasomwe kwa jumla ya kila muuzaji kwa mwezi, si hundi mojamoja.

Hatari hiyo huja pia upande wa pili, mgeni anapowekeza Malindi. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa raia pale tu hisa zake zote zinapokuwa za raia. Basi hutafutwa mwenyeji wa kuazima jina lake liandikwe kwenye hisa na ukurugenzi, akaambiwa: wewe tia sahihi tu. Sheria ya Kampuni ya 2015 haimjui mkurugenzi wa namna hiyo. Kila mkurugenzi anatakiwa kutumia akili yake mwenyewe na uangalifu, na anayewaamuru wakurugenzi kutoka nyuma ya pazia naye anatambuliwa kisheria. Kanuni za 2020 zinataka mwenye asilimia 10 au zaidi ya hisa, hata akipitia kwa mtu mwingine, aandikwe kwenye rejista ya wamiliki halisi.

Mapatano ya mdomo hudumu muda wote wawili hao wangali hai. Mwenyeji akifariki, warithi huja na cheti cha kifo na cheti cha hisa chenye jina la baba yao, na mgeni hana cha kuwaonyesha.