No Angels: mabinti wa runinga na mengi wanayosingiziwa

"Walitengenezwa na runinga." Jina la No Angels, kundi la waimbaji wa kike la Ujerumani, likitajwa tu, maneno hayo hayakawii kufuata, na nusu yake ni kweli. Nadja Benaissa, Lucy Diakovska, Sandy Mölling, Vanessa Petruo na Jessica Wahls hawakuanza kuimba pamoja mtaani. Walichujwa kutoka maelfu ya wasichana katika kipindi cha Popstars, kilichoonyeshwa Ujerumani mwaka 2000 na stesheni ya RTL II. Ila kuna wanaovuka hapo wakadai kwamba walikuwa vinyago tu, wakiimba kila walichowekewa mbele. Basi wasikilize Something About Us, kibao kilichoshika namba moja Ujerumani mwaka 2002. Mmoja wa watunzi wake ni Vanessa mwenyewe.

Wapo pia wanaodhani Wajerumani walikiiga kipindi hicho kutoka Pop Idol ya Uingereza. Kalenda inawakatalia. Popstars ilizaliwa New Zealand mwaka 1999, ikatoa kundi la TrueBliss. Pop Idol ilikuja Oktoba 2001, wakati Daylight in Your Eyes, kibao cha kwanza cha No Angels, ilikuwa imeshatoka tangu Februari na kuongoza chati za Ujerumani, Austria na Uswisi.

Wimbo huohuo wengi huamini ulitungwa kwa ajili yao. La hasha, mwimbaji mwingine alikuwa ameshaurekodi kabla yao. There Must Be an Angel nao, uliowapeleka tena namba moja, ni wa kundi la Uingereza, Eurythmics, wa mwaka 1985. Mimi sioni aibu hapo. Kuurudia wimbo ambao Annie Lennox, sauti ya Eurythmics, ameshauimba ni kujitafutia lawama, na mabinti hawa walithubutu.

Sasa tuje kwenye video, maana hapa ndipo vijana wa leo hupotea zaidi. Mtu anafungua YouTube, anatazama idadi ya watazamaji, kisha anatoa hukumu kwamba kundi halikuwa kubwa kiasi hicho. YouTube ilianza mwaka 2005. No Angels waliachana kwa mara ya kwanza mwaka 2003! Enzi zao video ilitazamwa kwenye runinga, hasa VIVA, stesheni ya muziki iliyoanzia Cologne mwaka 1993 na kuzimwa mwishoni mwa 2018. Ulikaa ukaisubiri ipigwe, na ukiipenda ulikwenda dukani kununua CD. Hakuna aliyebaki akihesabu ni mara ngapi umeitazama. Kipimo chao ni chati za mauzo, na humo Ujerumani iliwapa namba moja mara nne: hivyo vibao vitatu nilivyokwisha kuvitaja, kisha No Angel mwaka 2003.

Kwamba waliimba Kijerumani kwa kuwa ni kundi la Kijerumani? Vibao hivyo vyote ni vya Kiingereza. Lucy mwenyewe ni mzaliwa wa Bulgaria. Wala si wao wanawake wa kwanza kutamba kutoka Ujerumani: Silver Convention ya Munich iliongoza chati ya Marekani mwaka 1975 kwa Fly, Robin, Fly, na Tic Tac Toe walikuwa wakirapu kwa Kijerumani miaka ya tisini.

Kisha ipo Eurovision ya 2008, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, lililofanyika Belgrade, na No Angels wakaiwakilisha Ujerumani. Utasikia kwamba waliburuza mkia. Wimbo wao, Disappear, ulipata pointi 14 na kuwekwa nafasi ya 23 kati ya nyimbo 25 za fainali. Poland na Uingereza walikuwa na pointi 14 vilevile, wakapangwa chini yao. Si matokeo ya kuchinjia mbuzi, lakini mkia haukuwa wao. Kati ya pointi hizo, 12, ambazo ndizo nyingi kabisa nchi moja inaweza kutoa, zilitoka Bulgaria, kwa kina Lucy. Mbili zilizobaki zilitoka Uswisi.

Na kule kuvunjika kwa mwaka 2003, watu walitaka sana kiwe kisa cha kugombana. Sababu waliyoitoa ni uchovu: miaka mitatu ya studio, video na majukwaa bila kupumua. Jessica alikuwa ameshatoka baada ya kujifungua. Wanne walirudi pamoja mwaka 2007, na wanne haohao wakakutana tena mwaka 2021 kuirekodi upya Daylight in Your Eyes. Asiyerudi ni Vanessa. Huyo aliingia chuoni kusomea saikolojia, akaishia kwenye utafiti wa ubongo.