Neno moja la tabia na hukumu nzima ya mtu

Posa inapoletwa, wazee hawajibu mpaka wametuma mtu mtaani akaulizie tabia za kijana. Mwenye duka la pembeni humjibu mjumbe kwa ufupi: "Mchangamfu sana yule," au, "Mh, mkavu, hana bashasha." Kufikia jioni neno hilo limeshazaa mtu mzima, mkarimu au mchoyo, wa kuishi naye vizuri au wa kumtesa mke, ingawa hakuna aliyeuliza habari za ukarimu wala ndoa.

Dhana: Tunampima mtu kwa kujumlisha sifa zake moja baada ya nyingine.

Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw aliyefanya kazi Marekani, alichapisha majaribio ambamo wanafunzi walisomewa sifa saba za mtu wasiyemjua: ana akili, ni stadi, ni mchapakazi, ni mchangamfu, na nyinginezo. Kundi la pili lilisomewa orodha ile ile, ila pale penye "mchangamfu" pakawekwa "mkavu". Katika kundi la kwanza asilimia 91 walimwona mtu huyo kuwa mkarimu. Katika la pili, asilimia 8 tu. Kama hukumu ingekuwa hesabu ya kujumlisha, sifa sita zilizobaki zingepunguza mno tofauti hiyo. Asch alieleza kwamba sifa moja huzibadilisha maana sifa nyingine: neno "mtulivu" likiambatana na wema lilieleweka kuwa ni upole, na likiambatana na ukatili likawa ni ubaridi wa mtu anayepanga jambo lake. Sisi tunalijua hili bila maabara, maana ukimya wa tunayempenda tunauita adabu, na wa tusiyempenda tunasema ana lake moyoni.

Si kila sifa yenye nguvu hiyo, lakini. Asch alipobadilisha "mwenye adabu" kuwa "asiyechuja maneno", picha ya mtu haikusogea sana.

Dhana: Sifa kuu ikishapendeza, kila kitu cha mtu huonekana kizuri.

Hapa pana ukweli nusu. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alionyesha kwamba maofisa wa jeshi la Marekani, walipowapa askari alama za umbo, akili, uongozi na tabia, walizifanya zifuatane kupita kiasi, kana kwamba kila askari alikuwa na alama moja tu. Lakini katika jaribio la Asch, "mkavu" aliaminiwa kuwa wa kutegemewa na asilimia 99, na "mchangamfu" na asilimia 94. Bashasha, basi, haikuwa ushahidi wa uaminifu hata machoni pa wanafunzi wale. Ni sisi, katika vikundi vya kukopeshana, tunaomkabidhi sanduku la fedha yule anayechekesha kikao.

Dhana: Tunajua ni kitu gani kilichotufanya tumpende au tumchukie mtu.

Mwaka 1977 wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson waliwaonyesha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mahojiano ya mhadhiri aliyezungumza Kiingereza kwa lafudhi ya kigeni. Wengine walimwona akiwa mkunjufu, wengine akiwa mkali na mwenye dharau. Waliomwona mkali walichukizwa na sura yake, lafudhi yake na mienendo yake, kisha wakadai kwamba mambo hayo ndiyo yaliyowafanya wasimpende, ilhali mtu, sura na lafudhi vilikuwa vile vile.

Dhana: Tulichokiona mara moja ndiyo tabia yenyewe.

Wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson, mwaka 1973, waliwapanga wanafunzi wa seminari ya Princeton, Marekani, wampite mtu aliyejikunja mlangoni akikohoa. Walioambiwa wamechelewa sana, asilimia 10 walimsaidia. Wasio na haraka, asilimia 63. Aliyesimama kando akiwatazama angeapa kwamba amewaona wenye huruma na wenye roho ngumu.

Na mwenye duka wetu? Yeye humwona kijana wa posa alfajiri tu, kijana anaponunua vocha kwa haraka bila hata kungoja chenji, huku kondakta wa daladala akigonga bodi kuashiria gari linaondoka.